Rafu ya sentimita 120: reli ndogo ya mfano ipangwe vipi, na ionyeshwe vipi?

SWALI: Nina rafu yenye urefu wa sentimita 120 na kina cha sentimita 30. Nataka kujenga reli ya mfano itakayokaa nyumbani, na mara mojamoja niipeleke kwenye maonyesho. Nimechora ramani yenye duara, stesheni mbili na handaki, lakini kila nikipima haienei. Tayari nina kichwa kimoja kifupi cha treni cha HO (skeli ambayo kila kitu kimepunguzwa mara 87), mabehewa madogo ya mizigo, na matatu marefu ya abiria. Je, nihamie skeli ndogo zaidi? Njia nizipange vipi? Na huko kwenye maonyesho nifanye nini watu wasiishie kutupa jicho na kupita?

JIBU: Anza kwa kulifuta duara. Kona kali zinazokuja kwenye seti za kawaida za HO zina nusukipenyo cha sentimita 36 hivi. Treni ikizunguka inakula sentimita 72 za kina, na hapo bado hujaweka ukingo wa ubao wala mti mmoja. Seti nyingi za N, skeli ndogo kuliko HO, nazo zinataka karibu nusu mita. Hata Z, skeli ya 1:220 ambayo kampuni ya Märklin iliitoa mwaka 1972, kona yake ya milimita 145 inahitaji sentimita 29 kutoka katikati ya njia ya upande huu hadi katikati ya njia ya upande ule. Kwenye rafu yako mabehewa yangepita yakiwa yamening'inia nje ya ubao. Wapo wanaojibana wakajenga viduara kwa vichwa vifupi vya viwandani, na baadhi vinapendeza kweli. Ila mtazamaji akishaiona treni ikipita mara ya tatu, amemaliza kuangalia.

Kuhusu skeli, ningekushauri ubaki na HO. Ni 1:87, reli zake zikiachana kwa milimita 16.5. N ni 1:160, reli zikiachana kwa milimita 9, na kishawishi chake kinaeleweka: kila kitu kinakaribia nusu, basi mtu anadhani atapata reli mara mbili. Lakini kwenye rafu ya kina hiki unachokipata zaidi ni njia nyingi kuliko mandhari. Kuna na suala la uzito. Kichwa kilekile kikitoka HO kwenda N, ujazo wake unapungua zaidi ya mara sita, na uzito unaufuata. Kichwa kifupi cha ekseli mbili au tatu kikiwa chepesi namna hiyo, magurudumu hayakandamizi reli vya kutosha kushika umeme vizuri, na kwenye mwendo wa taratibu kinashtukashtuka na kusimama. Reli ya rafu inaishi kwa mwendo wa taratibu. N ni skeli nzuri mno kwa anayetaka treni ndefu ipite katikati ya mabonde, na hiyo ni kazi ya nafasi nyingine.

Sasa fanya hesabu moja ambayo wengi hawaifanyi. Zidisha sentimita 120 kwa 87: unapata mita 104 na ushei. Hiyo ndiyo ardhi yote uliyonayo, mita mia na nne kwa mita ishirini na sita. Stesheni ya kweli haiingii humo, hata ndogo, kwa sababu jukwaa la abiria peke yake mara nyingi ni refu kuliko hapo. Ukiilazimisha, kila kitu kitasinyaa na jicho litajua kuna uongo, hata kama mwenye jicho hawezi kuutaja. Tafuta badala yake mahali ambapo hata duniani pana ukubwa huo: mwisho wa njia ya kiwandani, ghala la mbao, gati dogo la mto, kiwanja cha makaa, sehemu ya kupakia mawe. Hapo majengo mawili na njia tatu ni ukweli mtupu, na mtazamaji haulizi mengine yako wapi.

Mahali pa namna hiyo pana faida nyingine, nayo ni mwendo. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa, ikipunguzwa kwa skeli yako, inapita sentimita 19 kila sekunde. Rafu nzima inaimaliza kwa sekunde sita. Lakini kichwa kinachopanga mabehewa hutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, tuseme kilomita 5 kwa saa, na hiyo kwenye HO ni kama sentimita moja na nusu kwa sekunde. Kwa mwendo huo rafu ileile inachukua zaidi ya dakika moja kuivuka. Hujaongeza hata milimita ya mbao, ila reli imekuwa kubwa mara kumi kwa mtazamaji. Ndiyo maana pesa za kwanza nisingezipeleka kwenye mandhari. Ningezipeleka kwenye kichwa kinachotambaa bila kukwama na kidhibiti mwendo kinachojua kwenda polepole.

Kwa ramani ya njia, ipo moja ambayo imepimwa na watu wengi kwa miaka mingi, nayo inaingia kwenye rafu yako kana kwamba ulikata ubao kwa ajili yake. Inaitwa Inglenook Sidings, nayo ni kazi ya Mwingereza Alan Wright. Ina swichi mbili tu za njia, yaani sehemu ambapo reli moja inagawanyika kuwa mbili, na matawi matatu. Tawi refu linaenea mabehewa matano, matawi mafupi mawili yanaenea matatu kila moja, na upande wa pili kuna kipande cha kuvutia, yaani njia ambako kichwa huvutia mabehewa kuyatoa kwenye matawi, kinachoenea kichwa pamoja na mabehewa matatu. Yote kwa yote unatumia mabehewa manane. Mchezo wenyewe: unachagua matano kwa kubahatisha, kisha unatakiwa uyapange kwenye tawi refu kwa mfuatano uleule yaliotokea, bila kuyagusa kwa mkono, kwa kuvuta na kusukuma tu. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Ukicheza mmoja kila siku utamaliza baada ya miaka kumi na minane hivi, kwa hiyo usihofu kuchoka.

Tuipime kwenye ubao wako. Chukua behewa fupi la ekseli mbili, kutoka kiunganishi hadi kiunganishi tuseme sentimita 9, na kichwa cha sentimita 12. Kipande cha kuvutia kinataka 12 jumlisha mara tatu ya 9, yaani 39. Swichi ya kwanza, 18. Ya pili, 18. Acha sentimita 8 baada ya swichi ambapo njia bado ziko karibu mno na mabehewa yatakwaruzana. Kisha mabehewa matatu, 27. Jumla ni 110. Tawi refu linaondokea kwenye swichi ya kwanza: 39, 18, 8, kisha mabehewa matano ambayo ni 45. Nalo jumla yake ni 110 vilevile. Zinabaki sentimita 10 za vizuizi vya mwisho wa njia na za kupumua. Pima mabehewa yako halisi kabla hujakata chochote, maana behewa lako likiwa la sentimita 12, kipande cha kuvutia na tawi fupi pekee vinakuongezea sentimita 18 na hesabu inavunjika. Na ukiona nafasi imebaki usije ukarefusha kipande cha kuvutia. Ugumu wa fumbo unatoka kwenye ule ubanifu; behewa moja la ziada likiingia pale, mchezo umekwisha utamu.

Utakutana pia na ramani iitwayo Timesaver, ya Mmarekani John Allen, ya mwaka 1972. Ina swichi tano, na iliundwa iwe mashindano ya kumaliza kazi kwa muda mfupi. Kama mchezo, sina neno nayo. Kama mandhari ya rafu, siipendi: reli zinafunika ubao wote, na hakuna mtu aliyewahi kujenga kiwanja cha mizigo namna ile kwa pesa zake.

Basi, njia zimeshapatikana, na hapa ndipo wengi huanza kugongomea misumari. Ngoja kwanza. Swali lililobaki ndilo litakaloamua kama watu watasimama au watapita: mtazamaji aone nini, na afichwe nini? Reli ndogo ni jukwaa la maigizo. Ina upana wa jukwaa, ina mahali pa kuingilia na kutokea, ina taa, na ina nyuma ya pazia ambako mtazamaji hafiki. Inglenook ya kawaida haina mlango. Mabehewa manane yamefungiwa humo milele. Mimi ningeifungulia mmoja. Ule mwisho wa kipande cha kuvutia, badala ya kizuizi, upenyeze kwenye tundu la ukuta wa pembeni, na nje yake uweke yadi ya siri.

Yadi hiyo isiwe na swichi hata moja. Tengeneza kaseti: kipande cha plaiwudi cha sentimita 60 chenye vyuma viwili vya alumini vya umbo la L vilivyogundishwa sambamba, kila kimoja kikisimama kama reli na kikibeba umeme. Treni nzima ya kichwa na mabehewa matano ina sentimita 57, inaingia. Inapotoka jukwaani inapandia kaseti. Unaiinua kaseti pamoja na treni yake, unaigeuza au unaweka nyingine yenye mabehewa mengine, na mtazamaji anaona treni tofauti ikiingia kutoka duniani. Weka vibao vidogo vinavyosimama kwenye ncha zote mbili, la sivyo siku moja utainua kaseti na treni itateremka yenyewe hadi sakafuni. Nyumbani unaweza kuitoa sehemu hii na rafu ikabaki sentimita 120; kwenye maonyesho unaiunganisha ikawa kama mita 1.8. Angalizo moja: kwa siku za nyumbani weka kizuizi cha kuchomoa kwenye lile tundu, na kikae mahali pale ambapo kichwa na mabehewa matatu yanatosha basi, ili fumbo libaki fumbo.

Tundu lenyewe lifiche. Daraja la barabara linalopita juu ya njia ni dawa ya zamani, na kwa sababu ni ya zamani liko kila mahali. Jengo refu lililosogezwa mbele kidogo, miti miwili mizito, au mabomba ya kiwanda yanayovuka juu ya reli vinafanya kazi ileile. Jambo la kuangalia ni pembe: mtu akisimama mbele katikati haoni tundu, lakini akisogea upande mwingine analiona waziwazi. Jaribu ukiwa umesimama pote ambapo mtu anaweza kusimama.

Usilaze njia sambamba na ukingo wa mbele. Zilaze mshazari kidogo, nyuzi nne au tano zinatosha, na ghafla ubao hauonekani tena kama rafu. Majengo ya nyuma yafanye ya nusu, yaani ukuta wa mbele na sentimita tatu nne za paa, yaegemee pazia la nyuma, yaani ule ukuta wenye picha ya anga. Pazia la nyuma lenyewe lisiwe na kona kali: pinda karatasi ngumu au plaiwudi nyembamba iwe mviringo pale inapokutana na kuta za pembeni, kwa sababu kona huvuta kivuli na kivuli husema "boksi". Rangi yake iwe hafifu kuliko unavyodhani. Anga halisi hufifia inapokaribia upeo wa macho, na vilima vya mbali hupoteza rangi. Picha ya mlima uliokolea rangi huupiku ubao wako wote kwa nguvu, na treni inakuwa kitu cha pili.

Kabla ya haya yote, tandaza karatasi yenye ukubwa halisi wa ubao, chapisha swichi kwa ukubwa wake, panga mabehewa juu yake na simamisha maboksi matupu mahali pa majengo. Kaa nayo siku kadhaa. Piga picha simu ikiwa chini kabisa, kwenye usawa wa macho ya mtu wa sentimita mbili, kwa kuwa huo ndio urefu wa mtu mzima kwenye HO. Boksi litakalokusumbua kwenye picha ndilo jengo litakalokusumbua baadaye, na boksi ni rahisi kulisogeza.

Taa ni sehemu ya jengo, usiiache ije mwisho. Weka kibanio juu, yaani ubao wa kushika na kuficha taa, kitokeze mbele ya ukingo wa ubao kwa sentimita chache, na ukanda wa LED ufichwe nyuma yake. Ukiuweka ukanda katikati ya dari, mwanga unaangukia mapaa, na ubavu wa behewa unaotazamana na mtu unabaki gizani. Rangi ya mwanga iwe karibu na kelvini 4,000, na kipimo chake cha uaminifu wa rangi, kile kinachoandikwa CRI, kiwe 90 au zaidi. Chini ya hapo kijani cha majani kinakuwa kama cha mgonjwa. Na upake rangi kila kitu chini ya taa hizohizo. Ukipaka mchana dirishani kisha ukaonyesha chini ya LED, utapata kutu ya zambarau.

Umeme wa reli ndogo hauna mengi, ila kuna pointi moja ya kufa na kupona. Kwenye swichi, pale reli mbili zinapokatana, baadhi ya watengenezaji huweka kipande cha plastiki kisicho na umeme. Kichwa chako kifupi kitasimama hapohapo, kila mara, mbele ya watu. Nunua swichi ambazo kipande hicho ni chuma, na umeme wake ubadilishwe na kiswichi kidogo kinachogeuka pamoja na njia. Halafu lehemu nyaya mbili kwenye kila kipande cha reli. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, vinalegea na kushika kutu. Kama unatumia mfumo wa kidijitali, kifaa cha kuhifadhi umeme ndani ya kichwa ni nyongeza nzuri juu ya hayo, wala hakichukui nafasi ya nyaya.

Kufungua mabehewa ni jambo la maonyesho kuliko la ufundi. Mkono mkubwa ukishuka kutoka angani kuachanisha mabehewa, maigizo yamevunjika. Viunganishi vya sumaku kama vya kampuni ya Kadee vinakuruhusu kuficha sumaku chini ya mataruma. Unasimamisha treni juu yake, unalegeza, unaendelea. Ukivifunga, badilisha na ekseli, uweke zisizovutwa na sumaku, la sivyo behewa jepesi litajikokota lenyewe kuifuata sumaku na watu watacheka.

Twende kwenye maonyesho yenyewe. Watu wazima huona vizuri zaidi reli ikiwa sentimita 120 hadi 130 kutoka sakafuni, karibu na macho, ambapo treni inapita mbele ya uso wao. Urefu huo unawatupa nje watoto na wanaotumia viti vya magurudumu. Kwa reli moja ndogo ningeshusha hadi sentimita 105 au 110 na kuwaacha wazima wainame kidogo. Anayeinama amekwishaamua kuangalia. Chini ya ubao funika kwa kitambaa cheusi kisicho na mng'ao kifike sakafuni, kwa sababu maboksi, nyaya na chupa za maji zinazoonekana huko chini huiba macho.

Usijifiche nyuma. Wenye reli kubwa hukaa nyuma ya pazia kwa sababu wana treni kumi za kuendesha. Wewe una moja. Simama ubavuni, upande wa yadi ya siri, uso kwa uso na watu. Andaa kadi nane, kila moja na picha ya behewa moja, zichanganye, na mtoto aliye karibu achague tano. Zipange kwenye kijireli mbele ya ubao ili wote waone zinazotakiwa. Kuanzia hapo watu hawaangalii tena treni inayokwenda na kurudi; wanaangalia kama utaweza. Wataanza kubishana nyuma yako, huyu akisema ungeanza na lile la bluu, yule akimkatalia. Mzunguko ukiisha, treni inatoka kwenda yadi, unaleta kaseti nyingine. Usiache zaidi ya nusu dakika hivi bila kitu kusogea, hata kama ni kichwa peke yake kwenda kusimama mbele ya ghala.

Beba kichwa cha pili, hata cha kuazima. Beba pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, ufute reli asubuhi kabla watu hawajaingia na tena ukiona kichwa kinaanza kusitasita. Bisibisi, nyaya, chuma cha kulehemu, mita ya umeme, gundi. Maelezo ya kuandika yawe mafupi: jina la mahali pako, skeli, na sentensi tatu za fumbo linavyochezwa. Bango la aya sita halisomwi na mtu aliyesimama.

Nimeyaacha mwisho yale mabehewa matatu ya abiria, kwani najua ndiyo yanayouma. Kanuni ya mkono inayotumika sana ni kwamba nusukipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Behewa la sentimita 26 linataka 78, na swichi zako fupi hazikaribii hapo. Hata yakipita, mawili tu yanajaza karibu nusu ya dunia yako. Usiyauze. Juu ya kibanio cha taa kuna ukanda mtupu wa sentimita 120. Laza kipande cha reli pale, na mataruma na kokoto zake kama kawaida, na uyasimamishe yote matatu pamoja. Urefu wake ni 78, yanaenea, na siku ukipata ukuta mrefu zaidi yatakuwa yameshakaa tayari juu ya reli.